Kabla ya Baridi Kufika



Asubuhi hii twataka kusema juu ya baridi. Labda mtu atauliza, je, wachungaji nao wamekuwa watabiri wa hali ya hewa? La, hasha. Lakini Mtume Paulo, alipokuwa kifungoni akiandika waraka wake wa pili kwa Timotheo, katikati ya maneno mazito juu ya imani na kufa kwake, alilikumbuka joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa. Aliomba aletewe, kisha akamhimiza Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Mzee yule aliyajua majira. Alijua ya kuwa baridi haimpiti mtu kwa sababu ni mtume.

Kwetu hakuna theluji bondeni. Wazee wa Kikuyu huyaita majira haya gathano, yakiwa kati ya mvua ya njahi na mvua ya mwere: Juni, Julai na Agosti, na Julai ndio mkali kwa kawaida. Wakati huo nchi za kusini mwa dunia zimo katika majira yao ya baridi, na pepo za kusini-mashariki hutuletea hewa yao. Mawingu ya chini hutanda juu ya nyanda zilizo mashariki ya Bonde la Ufa, jua lisionekane hata adhuhuri, na mvua yenyewe si mvua, ni manyunyu tu. Limuru, iliyo juu ya mita 2,000, hupata baridi zaidi. Thika iko kama mita 1,500, na kwa hiyo wengi wetu hujidanganya kwamba baridi ni ya watu wa Limuru.

Idara ya Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner, hutoa utabiri wa majira haya kila mwaka. Mara nyingi husema kwamba katika sehemu hizi za juu, siku za mawingu mazito, joto la mchana laweza kukaa chini ya nyuzi 18. Utabiri husomwa redioni, nasi twausikiliza kama habari ya mji wa mbali.

Mkulima wa kahawa hausikilizi hivyo. Yeye anajua kwamba baridi pamoja na unyevu huleta ule ugonjwa wa matunda uitwao CBD, unaoyafanya meusi yangali mabichi. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka wa 1985 ili kushindana nao; lakini mwenye miti ya zamani ya SL 28 hana budi kupiga dawa kabla, si baada ya kuona madoa. (Tunasema haya tukijua kwamba mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru sasa ni nyumba.) Na mwenye mahindi na maharagwe asiweke gunia ghalani kwa sababu amechoka kungoja jua. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi, na wilaya ya Thika ilikuwa moja ya zile zilizopatwa, pamoja na Makueni, Kitui na Machakos.

Lakini lililotusukuma kuja mbele yenu leo ni jiko la makaa.

Fikirini chumba kimoja cha mabati, Kiandutu au Kimbo. Mama amepika githeri, watoto wanatetemeka, na jiko bado lina makaa mekundu. Anaona ni dhambi kuuacha moto ule upotee nje. Analiingiza ndani, anafunga mlango, anaziba dirisha kwa gunia. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, kisha usingizi. Asubuhi jirani hubisha hodi bila kujibiwa. Sisi wachungaji wa sehemu hizi twayajua mazishi hayo. Majeneza yake huwa zaidi ya moja, na mengine ni mafupi.

Wala msidhani kwamba kufunika makaa kwa majivu kunatosha. Hayo nayo yatoa sumu. Jiko lilale nje, hata kama kuna manyunyu. Mtu akikutwa amelegea ndani, atolewe nje upesi kwenye hewa safi na apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu. Wenyeji wa Melita waliwakokea moto Paulo na wenzake waliovunjikiwa na merikebu, kwa sababu ya mvua na baridi. Tunafikiri ulikuwa moto wa nje.

Basi huyo mama alale na nini? Hapo ndipo Neno linapotugeukia sisi wenye mablanketi. Katika Kutoka sura ya 22, aliyechukua vazi la jirani yake kuwa rehani aliamriwa kulirudisha kabla jua halijatua, kwa kuwa maskini yule hakuwa na kingine cha kujifunika. Deni lilibaki kuwa deni. Usiku ulikuwa jambo jingine. Ndugu mwenye nyumba za kupangisha, ukifunga mlango kwa kufuli kwa ajili ya kodi mwezi wa Julai, nguo za watoto zinabaki ndani. Dai kodi yako, ni haki yako. Lakini mablanketi yatoe kwanza. Na unapojenga vyumba vingine, acha tundu la hewa juu ya mlango. Gharama yake ni tofali moja au mawili.

Akina mama wa kanisa watapokea mablanketi na masweta kila Jumapili baada ya ibada, hadi mwisho wa mwezi wa Mei. Yafuliwe na kuanikwa sasa, maadamu jua lingalipo.