Watoto Wetu Wanajifunza Nini Siku Hizi?

Hotuba ya Kamati ya Elimu katika mkutano wa mwaka wa kuchangia maendeleo ya Mchikichini

 

Miaka yote taarifa ya elimu huanza na madawati na vyoo. Mwaka huu kamati imeona tuanze na yanayofundishwa ndani ya darasa. Anayetoa fedha yake ana haki ya kujua inakwenda kununua nini, na dawati halina maana kama hatujui mtoto anayelikalia anajifunza nini.

Tunaanza hivyo pia kwa sababu ya swali ambalo wazazi wengi wametuuliza mitaani. Wanasema: "Mbona mtoto anarudi nyumbani kaagizwa vizibo vya soda, kesho makopo matupu, keshokutwa amuulize babu yake jina la barabara limetoka wapi? Kusoma anasoma saa ngapi?" Jibu letu ni kwamba huko ndiko kusoma kwenyewe. Tunaomba mtuvumilie tulieleze.

Kama mnavyojua, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifanyiwa mapitio ikatoka Toleo la 2023, na mitaala ikabadilishwa. Januari 2024 mtaala mpya ulianza kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, kisha madarasa mengine yakafuata. Mkazo wake ni umahiri, yaani mtoto apimwe kwa kile anachoweza kukifanya na si kwa maneno aliyoyakariri tu. Sisi wengi tulipita shule za kuimba majibu. Mwalimu akisema nusu sentensi, darasa zima linaimalizia. Mtoto wa leo anatakiwa apime, achore, aulize, ahesabu kwa mkono, halafu aeleze alichokiona.

Tuanze na darasa la kwanza na la pili. Hapo kazi kubwa bado ni ile ile, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, pamoja na afya na mazingira, utamaduni, sanaa na michezo. Kilichobadilika ni njia. Katika kusoma, mtoto anafundishwa sauti ya herufi kabla ya jina lake. Anaijua sauti ya "m", anaijua sauti ya "a", anaziunganisha anapata "ma", kisha "mama". Akifika nyumbani akakuta dada yake anamfundisha "em, a, ma", anachanganyikiwa, kwa sababu "em" kwake ni sauti mbili na hakuna pa kuziweka. Kwa hiyo mzazi mwenzetu, kabla ya kumsaidia mtoto wa darasa la kwanza, muulize kwanza shuleni wanaitamkaje. Atakuonyesha.

Vile vizibo vya soda ni vya kuhesabia. Mtoto anavipanga kumi kumi, vinavyobaki anaviweka pembeni. Mafungu matatu na vizibo vinne, hiyo ni thelathini na nne. Akishaona kwa macho yake kwamba tatu ile ni mafungu na si vizibo vitatu, kujumlisha kwa kubeba hakumtishi tena. Tuliwatembelea watoto wakiwa kwenye somo hilo. Kelele ilikuwa nyingi, lakini ilikuwa kelele ya kazi.

Kiingereza nacho sasa kinaanza darasa la kwanza. Chini ya mtaala uliotangulia kilikuwa kinaanza darasa la tatu. Hili limewafurahisha wazazi wengi, lakini tunaomba lisimsahaulishe mtu yeyote Kiswahili. Mtoto ambaye hajaweza kusoma "kikombe" kwa ufasaha hatasaidiwa kwa kukazaniwa asome neno la Kiingereza ambalo hata maana yake haijui.

Kuanzia darasa la tatu masomo yanaongezeka. Kuna Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Dini. Na hapa, ndugu zetu, ndipo Mchikichini yenyewe inapoingia darasani.

Chukueni Historia ya Tanzania na Maadili. Mtoto wetu anatoka nyumbani anapita Barabara ya Uhuru, anavuka Barabara ya Kawawa, mama yake anauza nguo Soko la Karume. Majina hayo matatu ni somo kamili. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Rashidi Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Abeid Amani Karume alikuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar. Mtoto akienda mbele kidogo anafika Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, wakati huo mtaa ukiitwa New Street. Na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokuwa na kambi hapo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Hata sisi Mchikichini tunabeba jina la mti, mchikichi, na siku hizi utazunguka kata nzima ukiutafuta.

Haya mtoto anaweza kuyasoma kitabuni. Lakini nani aliishi kwenye kota mwanzoni? Soko lilikuwaje kabla ya mitumba? Bondeni palilimwa nini? Hayo yako vichwani mwa wazee waliokaa mstari wa mbele hapa. Mwalimu anapomtuma mtoto akaulize, hajakwepa kufundisha. Amemtuma kwenye maktaba pekee yenye habari hizo, na sote tunajua kwamba kila mwaka tunazika baadhi ya wenye habari hizo.

Katika Jiografia na Mazingira, mtoto anajifunza pande kuu za dunia, ramani, hali ya hewa na utunzaji wa mazingira. Sisi tuna Mto Msimbazi. Unaanzia milima ya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Kwa hiyo takataka inayotupwa juu inatufikia sisi, na tunayoitupa sisi inafika baharini. Watoto wa Mchikichini hawahitaji picha ya mafuriko. Desemba 2011, siku chache baada ya nchi kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, maji yaliingia majumbani mwetu, na jirani zetu wengi wakahamishiwa Mabwepande. Wengine wamehama baadaye kupisha mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi. Mtoto anayejifunza kwa nini maji hupanda pale mtaro unapoziba anajifunza jambo litakalomwokoa yeye na wadogo zake.

Hisabati nayo iko sokoni. Belo moja la mitumba limenunuliwa kwa bei fulani, ndani zimetoka nguo kadhaa, nyingine ni za daraja la kwanza, nyingine ni za kuuza kwa fungu. Uza kila moja kwa shilingi ngapi ili urudishe mtaji, ulipe ushuru na ubakiwe na nauli? Akina mama wa Karume hulifanya hesabu hilo alfajiri bila karatasi. Mtoto anayelifanya kwa kalamu na mama anayelifanya kwa kichwa wana mengi ya kufundishana. Tunawakumbuka hapa wenzetu waliounguliwa soko hilo Januari 2022 wakaanza upya. Wengi wao ni wazazi wa watoto tunaowazungumzia leo.

Na yale makopo? Ni ya Sanaa na Michezo. Mtoto anatengeneza ngoma, anachora, anaigiza, anakimbia. Tusilidharau somo hili. Tunaoishi karibu na Uwanja wa Karume tunajua ni vijana wangapi walianza na mpira wa makaratasi.

Sasa tuseme kilichotuleta.

Chini ya utaratibu mpya elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo waliowatangulia watakuwa wanamaliza darasa la saba. Yaani madarasa mawili yatatoka kwa pamoja, na Januari 2028 yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Maandalizi ya vyumba na walimu wa sekondari ni kazi ya Serikali, nasi tutaendelea kuikumbusha kwa heshima. Lakini kuhakikisha kwamba mtoto wa darasa la sita anafika huko anajua kusoma, kwa kuwa ana mwaka mmoja pungufu wa kujirekebisha, hilo haliwezi kusubiri barua ya mtu.

Walimu wametueleza bila kuficha. Katika madarasa ya juu wapo watoto ambao bado wanasoma kwa kudonoa silabi. Mtoto wa namna hiyo anashindwa Sayansi, Jiografia na Historia kwa pamoja, na si kwamba hana akili. Hawezi kusoma swali. Wengine wamebadilisha shule mara mbili au tatu kwa sababu nyumba ilivunjwa au kodi ilipanda, na kila walipohama waliacha kipande cha somo nyuma. Wengine kitabu wanakigombania wanne. Wengine wakitoka shule wanapitia sokoni kumsaidia mama hadi jioni, na nyumbani ni chumba kimoja, taa moja, watu sita.

Kwa hiyo mwaka huu kamati inaomba mambo manne.

La kwanza ni vitabu. Tunataka vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania viongezeke kwenye madarasa yenye upungufu, pamoja na vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya kujifunzia kusoma. Mwenye simu yenye intaneti ajue pia kwamba vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Mzazi anaweza kuona mtoto wake anasoma nini wiki hii.

La pili ni saa za kusoma. Tunahitaji chumba chenye taa, meza na mtu mzima mmoja, kwa watoto ambao nyumbani hawana pa kukaa, na Jumamosi asubuhi kwa wale ambao bado hawajui kusoma. Vijana wetu mliomaliza kidato cha nne na cha sita mnaosubiri matokeo au ajira, hapa ndipo tunapowahitaji.

La tatu ni vifaa vya kujifunzia kwa vitendo: karatasi za manila, rangi, mikasi, rula, ramani, mizani. Mtaala unamtaka mwalimu afundishe kwa vitendo. Mwalimu asiye na kitu mkononi atarudi kwenye kuimba majibu, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

La nne halina gharama, nalo ni wazee. Tunaomba majina ya wazee, kina bibi na kina babu, watakaokubali kwenda darasani kwa mpango wa walimu, mara moja kwa muhula, kuwasimulia watoto habari za hapa kwetu.

Tunajua yupo atakayesema: si elimu bila ada? Ni kweli, mpango huo ulianza 2016, na ni jambo jema lililoleta watoto wengi shuleni. Mchango huu si ada. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Kila shilingi itapokelewa kwa stakabadhi, itapita kwenye kamati za shule kwa utaratibu uliowekwa, na hesabu yake itasomwa hapa hapa mwakani. Mchanganuo uko mwisho wa kijarida hiki. Usomeni, na mkiona pa kuuliza, ulizeni.

Haba na haba hujaza kibaba. Asiye na elfu kumi ana elfu moja, asiye na elfu moja ana saa mbili za Jumamosi, na asiye na Jumamosi ana jioni ya leo ya kumwambia mtoto, "Hebu nisomee ulichosoma." Akisoma, msikilize hadi mwisho. Akikwama, usimcheke. Mlete kwetu Jumamosi.

 Sasa tunamkaribisha mweka hazina apitishe kapu.