Imani ya Baba na Imani Yangu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, Korogwe)



Nimeombwa niseme machache juu ya dini na siasa. Mimi si mchungaji wala si mwanasiasa. Ni mtoto wa katekista wa Handeni. Kwa hiyo nitasema niliyoyaona nyumbani kwetu.

Marehemu baba alikuwa Mkristo wa msimamo wa kale. Alishika mambo matatu. Kwanza, kila mamlaka hutoka kwa Mungu. Warumi 13 aliisoma bila kufungua kitabu. Pili, kazi ya Kanisa ni roho za watu. Mashamba na bei ni kazi ya Serikali. Tatu, sheria ya nchi ifuate sheria ya Kanisa. Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyozitambua kwa pamoja ndoa za Kikristo, za Kiislamu na za kimila, ilimuudhi sana.

Mimi nilirudi likizo kutoka hapa Korogwe, kichwa kimejaa Azimio la Arusha. Nilimwambia baba kwamba wajomba zangu ni Waislamu na tunakula nao sinia moja. Sheria ya watu wote haiwezi kuwa ya dhehebu moja. Hilo naliamini hata leo.

Lakini sikuja hapa kujisifu. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Zamu yetu ilipofika, bibi mzaa baba aliambiwa ahame, na mihogo yake ilikuwa bado shambani. Akatuuliza, "Nani atanichimbia?" Baba akajibu kwamba Serikali imewekwa na Mungu. Mimi nikajibu kwamba Chama kimekwisha kuamua. Ndugu zangu, tulikuwa tumebishana miaka mitatu, na siku ile tukawa na jibu moja! Mihogo ililiwa na nguruwe wa porini.

Baadaye nilisoma habari za Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliyefariki jirani zetu hapa, Hegongo, Magila, mwaka 1924. Katika mafundisho alikuwa mkali kuliko baba. Mwaka 1913 aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa sababu ya kushiriki Meza ya Bwana na madhehebu mengine kule Kikuyu. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwaongoza wapagazi yeye mwenyewe, akatembea nao. Na mwaka 1920 aliandika kijitabu kuishutumu Serikali ya Uingereza, nchi yake aliyozaliwa, kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi.

Hapo nikajifunza jambo. Msimamo wa kale haumfungi mtu mdomo, wala msimamo mpya haumfungui. Baba alijificha nyuma ya Maandiko, mimi nikajificha nyuma ya Azimio, na bibi akabaki peke yake na swali lake.

Bado sikubaliani na baba juu ya sheria na Kanisa. Hata hivyo siku hizi, kabla sijasema imani ya fulani ni ya kizamani na yangu ni ya maendeleo, najiuliza kwanza: mwenye mzigo amesikilizwa?

Siku chache kabla hajafariki, baba aliitaja ile mihogo. Akasema, "Mwanangu, tungeweza kwenda kumchimbia, wewe na mimi. Ilikuwa kazi ya siku mbili." Hatukutaja Warumi, wala Azimio.

Ndugu zangu, wengi wetu tulipata vyeo, na wengine bado mnavyo, serikalini na makanisani na misikitini. Mzee akija mlangoni na swali kama la bibi, msimjibu kwa aya wala kwa waraka. Mwulizeni shamba liko wapi.