Ndoa za Ng'ambo ya Ruvuma

Msikilizaji, kati ya Newala na Mueda ya Msumbiji upo mto Ruvuma, na kingo zote mbili ni za Wamakonde. Walikuwa wakioana kabla Wajerumani na Wareno hawajaugeuza mto huo kuwa mpaka. Tangu Daraja la Umoja lifunguliwe Mtambaswala mwaka 2010, posa zinavuka kwa gari.

Ugumu huanza baada ya harusi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ya kimila isajiliwe ndani ya siku 30, na wengi hawafanyi hivyo. Wakifika Uhamiaji bila cheti, ushahidi wa mshenga na wajomba hautoshi. Cheti cha kuzaliwa cha upande wa pili, nacho, ni cha Kireno.

Linaloniuma zaidi ni hili. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa ndoa yake. Mwanamume mgeni aliyeoa binti wa Masasi hana mlango huo. Atapita njia ya mgeni yeyote: miaka saba ya kuishi nchini ndani ya kumi, na juu yake mwaka mmoja mfululizo kabla ya kuomba. Na hawa ni watu wanaohesabu ukoo kwa mama! Mtoto ni wa ukoo wa Masasi, baba yake anahangaikia kibali cha kukaa.

Wabunge wa Masasi na Newala wakipeleke kifungu hicho cha uraia Dodoma, kirekebishwe.