Nani Anasoma Daftari la Mpiga Dawa?



Leo alfajiri nilisimama kando ya uwanja mmoja wa gofu magharibi mwa jiji hili nikimtazama mzee mwenye mwanzi. Mwanzi wenyewe ni mrefu na mwembamba nchani, ungedhani ni wa kuvulia samaki. Alikuwa akiupitisha juu ya nyasi za grini, kushoto, kulia, kushoto, na kila ulipopita umande uliruka. Mbele yake grini ilikuwa nyeupe kama iliyomwagiwa maziwa. Nyuma yake ilibaki kijani kibichi. Nikamwuliza, mzee wangu, kazi gani hii? Akajibu bila kusimama: "Nakausha, daktari. Nisipokausha, kesho kutwa mtaleta dawa."

Ningeweza kuketi hapo, maana mzee amemaliza mhadhara. Lakini mmepanda matatu kuja kunisikiliza, kwa hiyo nieleze alichokisema.

Grini hukatwa fupi mno, milimita chache tu kutoka ardhini, na nyasi inayokatwa hivyo haiishi maisha ya raha. Kuvu huisubiri. Mbegu ya kuvu ikitua kwenye jani huhitaji jani hilo libaki na maji kwa saa kadhaa ndipo iote na kupenya. Usiku wa Nairobi ni wa baridi, na umande wetu hukaa mpaka jua lipande. Ukiupangusa saa 12 na nusu badala ya kuuacha hadi saa 3, umeinyima kuvu saa zile za mwisho ilizokuwa ikizingoja. Madoa ya rangi ya majani makavu, yenye ukubwa wa sarafu, hupungua, na kopo la dawa hubaki kabatini. Mwanzi haununuliwi agroveti, wala hauna kampuni ya kuutangaza.

Nikisema viwanja vya gofu, wengi wenu mnafikiria mambo ya wenye nacho. Tazameni ramani. Uwanja wa Railway, ulioanza mwaka 1922, uko chini tu ya Upper Hill, hatua chache kutoka katikati ya mji. Royal Nairobi, wa mwaka 1906, umepakana na Kibera. Vet Lab uko Kabete, jirani na kitivo chetu cha kilimo. Na ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road iko Golf Park, ambako si lazima uwe mwanachama. Unalipa na kucheza. Kwangu mimi, hata hivyo, umma wa kiwanja hauishii kwa anayelipa langoni. Kedi ni umma. Mama anayeng'oa ndago kwa kisu, amepiga magoti tangu asubuhi, ni umma. Mto Motoine, unaopita Msitu wa Ngong na kuteremka hadi Bwawa la Nairobi chini ya Kibera, hauulizi kadi ya uanachama kabla ya kupokea maji ya mvua.

Na kwarara je? Ndege huyu ndiye anayetuamsha sote, Kilimani hadi Karen, kwa kelele ambazo sijawahi kumsikia mtu akizisifu. Akishatuamsha, huenda kwenye nyasi fupi, akachomeka mdomo wake mrefu ardhini na kuvuta funza mmoja mmoja. Anafanya kazi ambayo kamati ya uwanja ingeilipia dawa. Lakini hula vyote vilivyomo humo, pamoja na tulichomwaga jana. Marekani walilipata somo hili kwa hasara. Dawa iitwayo diazinoni iliua mabata na mabata bukini waliokula nyasi za viwanja vya gofu, na katika miaka ya 1980 serikali yao ikaamua kuipiga marufuku viwanjani humo na kwenye mashamba ya kuoteshea nyasi. Kwa bustani za nyumbani iliendelea kuuzwa hadi mwisho wa 2004. Ndege alilindwa mapema kuliko mtoto anayecheza uani. Sijui tucheke au tulie.

Binadamu naye ana midomo. Mwaka 1997 jarida la kitabibu la Gut lilichapisha habari za mstaafu mmoja wa Ireland aliyeugua ini. Alikuwa na mazoea ya kulamba mpira wa gofu ili kuusafisha, na uwanja wake ulikuwa unapigwa dawa ya magugu. Alipoacha kulamba, akapona. Aliporudia, ini likarudi kulalamika. Nimewaona kedi wetu wakishikilia ti kwa meno.

Nina kisa changu pia, nacho si cha kujivunia. Nikiwa kijana, klabu moja nisiyoitaja iliniajiri kwa muda wa likizo. Viwavijeshi walikuwa wameingia. Nikapewa pampu ya mgongoni na chupa, kipimo kikiwa kifuniko cha chupa hiyo. Niliona kifuniko kimoja ni kidogo, nikatia viwili. Alasiri mvua ikanyesha. Asubuhi samaki wa kidimbwi walikuwa wakielea, matumbo juu. Dawa ile ilikuwa ya jamaa ya pareto, zao letu wenyewe la Molo na Nakuru, na wengi hadi leo huamini kwamba kitu kikitoka kwenye ua hakidhuru. Pareto humhurumia binadamu kiasi. Samaki haimhurumii kamwe. Hakuna aliyeandika lolote. Samaki walizikwa, kidimbwi kikajazwa upya.

Tena sikuwa nimehesabu viwavi. Siku hizi nawafundisha wanafunzi wangu hivi: vijiko 2 vya sabuni ya maji kwenye lita 4 za maji, umwagie eneo la mita moja ya mraba, kisha subiri dakika chache. Waliojificha hupanda juu wenyewe. Wahesabu. Wakiwa wawili watatu, mwachie kwarara. Wakiwa wamejazana, hapo ndipo tuzungumze juu ya pampu, na kwa sehemu hiyo tu.

Jambo jingine linanikera zaidi. Nyasi za Kikuyu asili yake ni nyanda hizi za juu. Marekani wameziweka kwenye orodha ya magugu hatari ya taifa, lakini hizohizo ndizo zimetanda Torrey Pines, uwanja wa umma wa jiji la San Diego, palipochezewa mashindano ya US Open ya 2008 na 2021. Sisi tulio kwao tunazipiga dawa ili zifanane na zulia tuliloliona kwenye televisheni. Mwanachama akiona doa moja la kahawia hupiga simu. Meneja humwita fundi. Fundi hubeba pampu. Dawa nyingi zinazopigwa viwanjani huanzia kwenye simu hiyo, kabla ya mdudu yeyote kuonekana.

Sheria tunayo. Sura ya 346, inayohusu dawa hizi, ni ya mwaka 1982, na bodi inayoisimamia, PCPB, ina ofisi Loresho. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ilitangaza kuondoa sokoni bidhaa 77 na kuziwekea masharti nyingine 202. Vizuri. Lakini orodha ya Loresho haimfikii kedi wa Jamhuri saa 1 asubuhi. Karatasi ya kopo huzungumzia nyanya, mahindi au kahawa, na fundi wa nyasi hubaki akikisia kipimo kama nilivyokisia mimi.

Jimbo la Ontario, Kanada, lilipokataza mwaka 2009 dawa za kupamba bustani, viwanja vya gofu viliachwa viendelee, kwa sharti: kila mwaka viutangazie umma vilipiga nini na kiasi gani. Sharti hilo nalipenda kuliko marufuku nyingi, kwa sababu anayejua atasomwa hupima kwa kipimo, si kwa kifuniko. Katiba yetu ya 2010 inatupa haki ya habari katika Kifungu cha 35 na haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42. Daftari la mpiga dawa liko pale vifungu hivyo viwili vinapokutana, na kwa sasa, pale lilipo, limefungiwa kwenye droo.

Najua humu ndani mmo wenyeviti wa kamati za viwanja. Baadhi yenu nimecheza nanyi, vibaya. Ninawaomba ubao mmoja kwenye ti ya kwanza na mwingine mlango wa wafanyakazi: jina la dawa, kiasi, sehemu iliyopigwa, sababu, na saa ambayo mtu anaweza kukanyaga tena. Uandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwenye kimo cha macho ya kedi. Mzee wa mwanzi ameniambia atausoma kila asubuhi.