Njaa Si Maandalizi: Kumwandaa Mgonjwa kwa Kipimo cha Tezi ya Shingo

Mada kwa wauguzi na mafundi wa maabara, Goma



Mama wa Idjwi akiambiwa atapimwa damu, jambo la kwanza ni kufunga. Anavuka ziwa bila hata chai, anafika kwetu miguu ikimtetemeka. Kwa kipimo cha TSH na T4, kufunga si sharti. Afunge pale tu karatasi ilipoomba pia sukari au mafuta ya damu.

Idjwi nimeitaja makusudi. Kisiwa kile kimeifundisha dunia habari za rovu. Mwaka 1971, watafiti Delange na Ermans kutoka Ubelgiji walichapisha waliyoyaona huko: iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini marovu yalijaa kaskazini huku kusini-magharibi yakiwa machache. Walielekeza kidole kwenye muhogo, ambao mwilini huacha thayosianeti, nayo huizuia tezi isinyonye iodini. Ugali wetu na sombe yetu, basi, vimo katika historia ya ugonjwa huu. Hata hivyo shingo peke yake haisemi kitu: mwenye rovu kubwa huweza kuwa na homoni za kawaida, na shingo nyembamba ikaficha tezi iliyolala. Ndiyo maana tunatoa damu.

Saa ya kutoa damu ina uzito zaidi kuliko chai. TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Mgonjwa aliyepimwa saa mbili asubuhi mwezi ule, na leo saa tisa alasiri, atapata namba mbili tofauti hata kama tezi yake haijabadilika. Apimwe asubuhi, na akirudi, arudi saa ileile.

Sasa kidonge. Anayetumia levothairoksini asiimeze asubuhi ya kipimo. Aje nayo mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze. Akiimeza kwanza, T4 hupanda kwa saa kadhaa na kutudanganya. Kipimo cha kufuatilia dozi mpya kisubiri wiki sita hadi nane, kwa maana TSH ni mvivu wa kubadilika.

Uvivu huo ndio unaotuumbulia siri. Katika mji huu watu wamekimbia vita, wamekimbia volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, na dawa hubaki nyumbani. Mgonjwa anakaa mwezi bila kidonge, kisha siku nne kabla ya kipimo anameza kwa bidii ili asigombezwe. T4 inarudi kawaida, hata kuzidi. TSH bado iko juu. Daktari asiyejua anaongeza dozi, na moyo wa mama wa watu unaanza kwenda mbio. Mimi simlaumu mgonjwa. Tukimfokea mara moja, mara ya pili atatuficha. Muulize kwa upole, na usiulize kama anameza dawa, maana atajibu ndiyo. Uliza: wiki hizi mbili, umekosa siku ngapi?

Yaliyobaki nayapitia haraka. Aliye hoi kwa malaria au ugonjwa mwingine mkali, kama hakuna dharura ya tezi, apone kwanza. Mwili unaougua huvuruga homoni hizi. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo TSH yake hushuka kwa kawaida, hivyo mimba iandikwe kwenye karatasi. Biotini, iliyomo katika vidonge vya kukuza nywele na kucha, huchezea baadhi ya mashine hadi mzima akaonekana ana tezi iliyopita kiasi. Iachwe angalau siku mbili. (Wengi hawaihesabu kuwa dawa, kwa hiyo itaje kwa jina la nywele.) Amiodaroni ya moyo, na dawa yenye iodini inayodungwa wakati wa skana, nazo zitajwe.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kuanzia kesho, kila karatasi ya TSH inayotoka mikononi mwetu iwe na mistari miwili ya kalamu: saa damu ilipotolewa, na siku na saa ya kidonge cha mwisho.