Mtoto Achore Konokono Aliye Mbele Yake



Nimeombwa niseme machache juu ya kuchora na elimu ya viumbe katika shule zetu za msingi. Mtu aweza kuuliza: bonde zima la Kilombero lina mashamba ya kulimwa, barabara za kutengenezwa na zahanati za kutiwa dawa, je, huu ndio wakati wa kuzungumzia penseli na picha za konokono? Jibu langu ni ndiyo. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika bonde hili konokono aliyechorwa ovyo ni jambo linalogusa afya ya mtoto.

Naomba nianzie baharini, maana ndiko yanakokwenda maji yetu. Mto Kilombero unaopita hapa Ifakara hukutana na Luwegu, ikawa Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Huko, penye matumbawe, wanaishi koa wa baharini. Hao ni ndugu wa konokono walioacha nyumba zao: huanguliwa wakiwa na kombe dogo, kisha kombe hilo huwatoka, mwili ukabaki wazi. Baadhi yao hujilinda kwa sumu wanayoipata katika sifongo wanazokula, na rangi zao kali za manjano, nyekundu na samawati huwaonya samaki wasiwaguse. Wengine hubeba mgongoni matamvua ya kupumulia, yamekaa kama ua lililochanua.

Viumbe hawa waliwasumbua sana wataalamu. Koa akifa na kutiwa katika spiriti, rangi zake hupotea na mwili hujikunja, hata asitambulikane na yule aliyekuwa majini. Basi kabla ya kuwako picha za rangi, aliyetaka kumjua koa hakuwa na budi kumtazama angali hai, amchore na kuandika rangi zake papo hapo. Mchoro ndio uliokuwa ushahidi.

Mwaka 1901 na 1902 mtaalamu mmoja, Cyril Crossland, alikusanya viumbe wa bahari huko Unguja. Koa wake walichunguzwa na Charles Eliot, ambaye tangu 1900 hadi 1904 alikuwa mtawala wa Kiingereza katika nchi ambayo leo ni Kenya. Eliot aliandika taarifa kadhaa za kitaalamu juu ya koa wa Unguja na wa pwani ya Afrika Mashariki, na kazi yake ingali inatajwa hadi leo. Lakini mtu huyo huyo, aliyechunguza matamvua ya koa kwa subira kubwa, ndiye aliyewakaribisha walowezi katika ardhi nzuri ya milimani, kana kwamba wenye ardhi hiyo hawaonekani. Tujifunze mambo mawili hapo. Kwanza, kuchora ni njia ya kujua. Pili, ujuzi wa jicho hauna budi kuulizwa swali: unaona kwa faida ya nani?

Sasa turudi darasani. Mwalimu wa Ifakara akiwaambia watoto wamchore koa wa baharini, watanakili picha ya kitabuni, kwa sababu wengi wao hawajaiona bahari. Hilo si kosa. Dunia ni kubwa na mtoto ana haki ya kuisikia. Ubaya ni kwamba hata konokono wa hapa hapa, anayepatikana kwenye mfereji ulio nyuma ya shule, naye hunakiliwa ubaoni. Mwalimu huchora mmoja, watoto hamsini huchora hamsini wanaofanana, mishale huwekwa, majina huandikwa, na somo limekwisha. Hakuna aliyemtazama konokono. Huko ni kunakili, na kunakili humzoesha mtoto kuamini ubao kuliko macho yake.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitukanya tusiwalee vijana wakadhani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Onyo hilo lina uzito wa pekee hapa Kilombero, kwa sababu ya konokono mmoja.

Konokono huyo wataalamu humwita Bulinus globosus. Ni mdogo, mara nyingi hafikii urefu wa kiungo cha kidole gumba. Hukaa katika madimbwi, mifereji na majaruba ya mpunga. Maji yakikauka, baadhi yao hujificha matopeni wakingojea mvua. Yeye ndiye anayelea kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo hutoka katika mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huangua vijidudu vinavyomwingia konokono na kuzaana ndani yake kwa wiki kadhaa. Kisha vijidudu vingine hutoka kwa wingi, hasa mchana wa jua kali, vikapenya ngozi ya yeyote aliye majini. Mchana wa jua kali ndio wakati mtoto anapotamani kuoga. Asiyetibiwa huweza kuharibika kibofu na figo, na hata kupata saratani ya kibofu. Hayo hayatoki mbali: Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti tangu miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na mwaka 1985 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa maisha ya konokono huyu katika eneo hili hili.

Atatambuliwaje? Hapo ndipo penseli inapofanya kazi. Shika kombe lake, ncha ikitazama juu na mlango ukikuelekea: utaona mlango uko upande wako wa kushoto. Jongoo wa mvua hana habari na hilo, lakini yule konokono mkubwa wa bustanini mlango wake uko kulia. Wapo konokono wengine wa majini wenye mlango wa kushoto, ila baadhi yao wana kifuniko kigumu cha kuuziba. Bulinus hana kifuniko. Mtoto anayenakili atachora mlango popote. Mtoto anayetazama atasimamisha penseli na kuuliza, "Mwalimu, mbona huyu amegeuka?" Swali hilo lina thamani kuliko mishale yote ya ubaoni.

Ndugu Walimu, natamka kwa msisitizo: mtoto asitumwe majini kutafuta konokono. Mwalimu mwenyewe, kwa ushauri wa mtu wa afya, awateke kwa upawa wenye mpini mrefu, bila kuingia majini wala kugusa maji, awatie katika chupa ya kioo yenye kifuniko. Watoto watazame kupitia kioo. Makombe matupu, yaliyochemshwa na kukaushwa, ndiyo yashikwe mkononi. Maji ya chupa yamwagwe penye nchi kavu, mbali na kisima na mfereji. Baada ya hapo mtoto achore mara tatu: kombe upande wa mlango, kombe upande wa mgongo, na mwisho mahali konokono alipotoka, yaani mfereji, majani yake, na watu wanaofua na kuchota hapo. Mchoro wa tatu ndio unaomrudisha mtoto katika maisha yake.

Pengine mtu atasema kwamba watoto hawawezi kutoa habari za kutegemewa. Jirani zetu wa Kilosa walikwisha kulijibu hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watoto wa shule za wilaya ile waliulizwa na walimu wao maswali mepesi juu ya kichocho na damu katika mkojo. Majibu yao yalilinganishwa na vipimo, yakaonekana yanatosha kuzitambua shule zenye hatari kubwa, kwa gharama ndogo. Taarifa ilitolewa mwaka 1991, na njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine za Afrika. Mtoto akiulizwa vizuri, hujibu kweli. Akifundishwa kutazama, atajibu vizuri zaidi.

Basi neno langu la mwisho ni kwetu sisi watumishi. Ni rahisi kumwambia mtoto asiingie majini. Lakini mtoto wa mkulima wa mpunga ataingia, kwa sababu jembe la mama yake liko majini na kisima kiko mbali. Kwa hiyo michoro ya watoto isiishie ukutani kupendeza wageni. Kila shule ichore ramani ya maji yake: wapi wanaoga, wapi wanachota, wapi konokono wa mlango wa kushoto ameonekana, wapi hakuna choo. Ramani hiyo ifikishwe zahanati na ofisi ya kata. Bwana afya aisome kabla ya kupanga ugawaji wa dawa, na wanaopanga mahali pa kuchimba visima waisome kabla ya kutia saini.

Wahenga walisema udongo upate ungali maji. Jicho la mtoto ndio udongo huo. Tukilifunza mapema, litaona. Na likishaona, litatuuliza sisi tulifanya nini. Tujiandae kujibu.