Kipi Kiende Winguni, Kipi Kibaki Dukani
(Maelezo kwa wafanyabiashara wa Mkwaja, Wilaya ya Pangani)



Wauzaji wa programu huwashawishi wenye maduka, wanunuzi wa samaki na wenye nyumba za wageni wahamishie kila kitu "winguni". Wingu hilo ni kompyuta za kampuni, pengine zilizoko nje ya nchi, zifikiwazo kwa intaneti na kulipiwa ada. Kabla ya kulipa, kila kazi ipimwe peke yake kwa maswali matatu.

Kwanza, intaneti ikikatika, kazi hii itasimama? Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini mwetu na katika nchi jirani. Siku kama hiyo, muuzaji ambaye bei na hesabu ya bidhaa zake zimo winguni pekee hushindwa kumhudumia mteja aliyesimama mbele yake na fedha mkononi. Kwa mauzo ya kaunta, chagueni programu iwezayo kufanya kazi bila intaneti, kisha ikapeleka kumbukumbu mtandao urejeapo.

Pili, simu au kompyuta ikiibwa, ikiungua au ikiharibiwa na chumvi ya bahari, kitapotea nini? Hapa ndipo wingu lifaapo. Orodha ya wadaiwa, hesabu za mwaka na hisa za wanachama wa kikundi ziwekewe nakala huko. Kuipeleka mara moja kwa siku kwatosha. Maombi ya vyumba nayo yahamishwe, kwani mgeni wa Saadani aliyeko Dar es Salaam au Ulaya hawezi kuifikia kompyuta iliyofungiwa ofisini.

Tatu, taarifa hizi ni za nani? Majina, namba za simu na vitambulisho vya wateja ni amana mikononi mwenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka azikusanyaye ajisajili kwa Tume husika, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Basi ulizeni kwa maandishi: zitahifadhiwa wapi, na nani atazisoma?

Ulizeni pia juu ya siku ya kuachana. Ada ikipanda, au mkichelewa kulipa, mtaruhusiwa kuchukua kumbukumbu zenu, na zitasomeka katika programu nyingine? Asiyetoa jibu la wazi asipewe biashara yenu.

Anzeni na kazi moja kwa mwezi mmoja, huku daftari likiendelea kuandikwa. Ikithibitika, ongezeni ya pili. Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao.